Kilichokuwa Chini ya Mkanda wa Saa ya Odhiambo

Haya niliyaona mchana, jua la saa sita, na sikuwa na homa. Naanza hivyo kwa sababu mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali naangalia viatu vyangu, na mtu wa namna hiyo akisimulia jambo watu hudhani ameliota. Sikuota. Ningefurahi sana kama ningekuwa nimeota.

Odhiambo alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, mtu pekee niliyeweza kuongea naye bila kugugumia. Alikuwa na saa ya wapiga mbizi, nene, nzito, yenye pete ya kuzungusha na nukta zinazong'aa gizani. Mjomba wake alipewa na Mzungu aliyekuwa akizamia kurekebisha nguzo za gati hapa Homa Bay, Mzungu huyo alipokuwa akirudi kwao mwaka wa Uhuru. Mjomba alipokufa ikawa ya Odhiambo. Ilikuwa kubwa mno kwake, kwa hiyo aliukaza mkanda mpaka ukamchubua. Hakuivua hata akioga.

Likizo ya Agosti mtumbwi aliopanda Odhiambo ulipinduka ziwani, huko Sori. Wenzake wawili walifika ufuoni, yeye hakufika. Walimtafuta siku tisa, kisha wazee wakafanya inavyofanywa kwetu mwili usipopatikana: wakachuma tunda la yago, lile refu na zito, wakalifunga shuka kama mtu, wakalizika kando ya nyumba ya mama yake. Baadaye wavuvi wakaitoa saa kwenye wavu. Mkanda ulikuwa bado umefungwa, pini ndani ya tundu lake, na hakuna mkono.

Mama yake akaniletea imefungwa kwa gazeti.

"Wewe ni mtoto wa fundi," akasema. "Nifufulie hii. Ikitembea, nitajua kuna kitu chake bado kinatembea."

Baba yangu hutengeneza saa, tena ni Msabato. Alisema ataitazama Jumapili. Mimi sikuweza kungoja. Nilitaka niitengeneze kwa mikono yangu, kwa ajili ya rafiki yangu. Jumamosi nikasingizia tumbo, wote wakaenda kanisani, nami nikakaa kwenye meza ya baba barazani, upande wa uani.

Ndani ya saa hakukunisumbua sana. Nilimwaga maji, nikaosha magurudumu kwa petroli, nikakausha, nikatia tone la mafuta. Kazi ilikuwa nje. Chini ya mkanda na kuzunguka mfuniko wa nyuma kulikuwa na utando mnene, rangi ya uji uliolala, wenye harufu iliyonifanya nipumulie mdomo. Nilidhani ni matope na mayai ya samaki. Nikaukwangua kwa wembe. Ulitoka vipande vipande, laini, vinavyovutika. Kimoja kilikuwa na vinyweleo. Niliviona, sikudanganyi, na nikaendelea kukwangua. Nikawatupia kuku waliokuwa uani. Wakagombania.

Saa ikaanza kutembea. Niliiweka sikioni nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

"Omera, ndugu yangu, fundi kamili sasa," mtu akasema.

Alikuwa amesimama uani na kaptura yake ya shule. Odhiambo. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, yenye mikunjo kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa, tena ililegea, ikateleza juu ya nyama kila aliposogea. Na mkono wa kushoto, pale penye kifundo, ulizungukwa na sehemu isiyo na ngozi kabisa, upana wa mkanda.

"Wamezika tunda," akasema, akichekea puani kama zamani. "Mimi na yago tunafanana? Lile hata kichwa halina."

"Odhiambo..."

"Wacha kulia, mwoga wewe. Saa sitaki, saa ni ya mama. Nipe kilichokuwa chini yake. Ndicho pekee samaki walichoniachia. Mama akizike, nitoke majini."

Niliwatazama kuku. Naye akawatazama.

Hakukasirika. Alichuchumaa, akawashika mmoja mmoja, akafungua kila mdomo kwa kidole na kuchungulia kooni, kama daktari anavyokagua watoto wa shule. Kuku hawakulia. Kila alipowashika, manyoya yalibaki na ute uleule wa rangi ya uji. Nilitapika juu ya meza ya baba, juu ya vifaa vyake vyote.

Alipomwachilia wa sita, akajifuta mikono kwenye kaptura.

"Basi, omera. Nimekuwa mavi ya kuku."

Alicheka, lakini kicheko hakukimaliza. Akashika njia ya ziwani, polepole, kama mtu asiyengojwa na yeyote.

Wiki iliyofuata tulipata wageni, mama yangu akachinja mmoja wa kuku wale. Nilikataa nyama. Baba akaniuliza sababu mbele ya watu wote, nikaona haya kusema, nikala. Paja zima. Mpaka leo nikinawa mikono nasikia ile harufu, na ulimi wangu haujapata ladha nyingine.

Saa nilimpelekea mama yake Odhiambo. Aliigeuza, akaipitishia kidole nyuma, akainusa.

"Umeisafisha kabisa, mwanangu. Mimi niliogopa kuigusa hapa nyuma. Mungu akubariki."

Nikamwambia asante. Anaivaa kila siku, na mwanawe bado yuko majini, na anayejua ni mimi peke yangu. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiletewa kitu cha marehemu, weka wembe chini. Uliza kwanza: waliomzika, walizika nini?