Njugu za Baba Hadi Vrindavan

Niliondoka nyumbani kwa sababu mbili, na watu niliwaambia moja tu. Ya wazi ilikuwa masomo. Chuo kimoja cha Agra, India, kilikuwa kimenikubali, na Kamukuywa nzima ilijua, maana niliombewa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Ya pili ilikuwa ya baba. Koo lake lilikuwa limeanza kuziba, uji tu ndio uliopita, na alitaka nimtafute mama mmoja wa Kihindi nimuulize swali kabla yeye hajafa.

Tulimwita Mama Kanta. Baba yangu, Wekesa, alimpikia kule Kitale miaka kumi na minane. Jikoni mwao mlikuwa na kijihekalu cha mbao chenye pazia jekundu, na sheria ya nyumba ilikuwa moja: chakula humwendea mungu kwanza, na kabla ya hapo mpishi haonji hata tone. Baba akajifunza kupima chumvi kwa kiganja. Alisifika kwa mahindi mabichi katika mchuzi wa njugu.

Kisha mume wa Mama Kanta akafa. Wageni walikuja kula chakula cha kumkumbuka, na baba, kwa huzuni na heshima, akafanya kama tufanyavyo sisi Wabukusu: alichota kijiko akaonja mbele yao, wajue hakuna sumu. Wageni wakainuka na njaa yao. Shemeji wa Mama Kanta alimfukuza baba jioni ileile. Mama Kanta alinyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomkaa baba rohoni. Tangu siku hiyo hakuwasha jiko tena, hata mama yetu alipougua. Dada yangu Nasimiyu ndiye aliyetupikia, naye Mungu hakumpa mkono wa kupika.

Kitale, siku mbili kabla ya safari. Tulikwenda kwenye duka lililokuwa la familia ile. Baba alikataa kuingia. Alibaki barazani, kofia mkononi, akitazama magunia ya unga wakati wote. Mwenye duka mpya, mzee wa Kihindi mwenye miwani mizito, alinisikiliza kisha akatikisa kichwa.

"Kanta? Yeye hapana kaa Kenya sasa. Shemeji nauza duka, napeleka yeye Vrindavan, India. Kule mjane mingi nakaa, naimba, nangoja kufa."

Aliniandikia jina la mtaa kwenye karatasi ya kufungia sukari. Nilipomweleza baba, alivaa kofia yake. "Nangoja kufa," alirudia. "Basi tuko sawa."

Bungoma, stesheni, asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha na wasafiri walikanyaga tope hadi mlangoni mwa behewa. Baba alinipa mfuko wa kitambaa wenye njugu za shamba letu.

"Si tungezikaanga?" nikamuuliza.

"Wacha, bana. Peleka hivyo hivyo. Kitu mbichi haina makosa kwao, hata ikitoka kwa mkono yangu." Sauti yake ilikuwa imebaki nusu. "Umuulize kama bado ako na kasirani na mimi. Ni hiyo tu."

Gari moshi lilipong'oka hakupunga mkono. Nilikasirika, nadhani kwa sababu ni rahisi kukasirika kuliko kulia mbele ya abiria.

Mathura nilifika siku ya sita, baada ya ndege hadi Bombay na treni mbili ambazo sina hamu ya kuzisimulia. Hapo nilikula kitu changu cha kwanza kitamu katika nchi ile: peda, kijitonge cha maziwa yaliyochemshwa na sukari mpaka yakashikana na kuwa ya rangi ya udongo. Wasafiri walinunua makopo mazima kwenda kuwapa walio nyumbani. Nilikula vinne nimesimama, nikamkumbuka baba na uji wake, cha tano kikanishinda.

Vrindavan si mbali kutoka hapo. Nilikwenda kwa mkokoteni wa farasi, mvua ikininyeshea mgongoni. Mji wote unanuka samli, maua na kinyesi cha ng'ombe. Watu hawasemi hujambo, husema "Radhe Radhe". Nyani wamekaa juu ya kuta wakingoja mjinga, na siku hiyo mjinga nilikuwa mimi: mmoja alininyang'anya mkate kabla sijaumega.

Kwa hiyo nilikula barabarani kama wenyeji. Asubuhi kuna kachori, vitumbua vigumu vya unga vilivyojazwa dengu na kukaangwa, vikimwagiwa mchuzi wa viazi katika bakuli la majani makavu. Jua likipanda kuna maziwa mgando katika kikombe cha udongo, ukimaliza unakivunja chini. Hakuna nyama, hakuna yai, hata kitunguu hakuna, na bado mchuzi ule uliniwasha mpaka masikioni. Nilimtazama muuza kachori kwa muda mrefu. Alichota chumvi kwa kiganja, akaimwaga, akaendelea na kazi. Hakuonja. Nilimwona baba pale, na nilisikia uchungu kwa ajili ya mikono yake iliyokaa bure miaka yote ile.

Alasiri nilifika kwenye nyumba ya wajane. Ilikuwa na ua mrefu, na vyumba vyenye giza pande zote mbili. Wanawake wazee waliovaa sari nyeupe walikuwa wamerudi kutoka kuimba, kila mmoja na wali wake na dengu kwenye bakuli la bati. Mama Kanta nilionyeshwa. Alikuwa amenyolewa nywele, amekonda. Nilimsalimia kwa Kiswahili na bakuli likamponyoka.

"Wewe natoka wapi?"

"Kamukuywa, Mama. Mimi ni mtoto wa Wekesa."

Alilia pale pale uani, bila kujifunika uso. Kisha alishika mfuko wa njugu akaunusa.

"Wekesa iko hali gani?"

"Koo limeziba. Hawezi kula tena. Ananituma nikuulize kama bado una hasira naye."

Aliniambia nije kesho na mahindi mabichi, akaingia chumbani mwake.

Kesho yake nilileta mahindi sita kutoka sokoni. Alisaga njugu kwa jiwe, akaketi kwenye jiko dogo la makaa pembeni mwa ua, karibu na mjane mwingine aliyekuwa anapika dengu. Nyuma yake, juu ya sanduku, palikuwa na kijihekalu chenye pazia jekundu. Nilikifahamu, ingawa nilikuwa nimekisikia tu kwa mdomo wa baba.

Mchuzi ulipoiva alichukua kijiko. Alinitazama mimi, si mungu wake. Akachota, akaonja.

Yule mjane mwingine alisema neno kali, akabeba sufuria lake, akahamia mwisho wa ua. Mama Kanta aligeuka akafunga pazia jekundu, maana chakula kile hakingeweza tena kwenda huko.

"Chumvi hapana tosha," akasema. Akaongeza, akaonja tena, akanipakulia.

"Ambia Wekesa, leo Mama naonja kwanza, mbele ya mgeni. Sema ile siku mimi hapana kasirika. Mimi naogopa shemeji, basi. Naogopa, nanyamaza."

Nilikula mpaka sufuria likaisha.

Kutoka Agra nilimwandikia baba kurasa nne. Niliandika juu ya nyani, peda, wajane, na kwamba Mama Kanta alionja kwanza, na aliyoyasema. Barua ya Nasimiyu ilinifikia baada ya majuma mengi. Alimsomea baba barua yangu mara mbili. Baba akauliza jambo moja: "Chumvi ilitosha?" Nasimiyu akatafuta kwenye kurasa zote nne, hakuona. Siku ya tatu baba akafa. Swali lake lilinifikia akiwa tayari kaburini.

Nilirudi Kamukuywa masomo yalipokwisha, miaka ya tisini imeanza. Watu waliniuliza habari za India, nami niliwaeleza, na kila nilipoeleza nilijua sasa jinsi mtu anavyoweza kwenda mbali hivyo, akaandika kurasa nne, akaliacha neno ambalo aliyemtuma alikuwa analingojea.

Jioni ya kwanza nilikwenda nyuma ya nyumba alipozikwa. Nilisimama kati ya migomba nikamjibu. Nilimwambia chumvi haikutosha, baba. Alionja, ndipo akaongeza.