Ngumi ya Mama Kwenye Mpini

Juma hili, katika chumba cha kompyuta cha mtaa wa Nyakabiga, nilimkuta fundi wa kuchomelea kutoka Cibitoke akijifunza kuchora mashine na kuizungusha kwenye kioo cha kompyuta kabla ya kukata chuma. Vita vimefanya chuma kiwe adimu, naye alibaki na bamba moja tu, la kinu cha kukamulia mawese alichoagizwa na mama aliyekaa kando yake.

Kwanza alifunga kila kiungo, mashine ikakataa kutikisika. Mwalimu akamwambia, "Fundi, uachie mpini ruhusa ya kuzunguka." Akaachia. Mpini ukazunguka, tukapiga makofi.

Mama hakupiga. "Papa fundi, kati ya mpini na nguzo ya kinu kuna nafasi gani?"

"Vidole viwili, mama. Unapita vizuri."

Mama akainua ngumi iliyokunjwa. "Na hii itapita wapi? Mi ndiye nitazungusha, apana kompyuta."

Fundi akacheka kwa aibu. Akachora ngumi, akaifunga kwenye mpini, akasogeza nguzo mpaka vyote vikazunguka bila kugusana. "Sasa tukate," akasema.

Nakiri, makofi yangu ndiyo yaliyolia kuliko ya wote. Mungu anisamehe: niliangalia chuma tu, nikasahau mwenye kukishika.