Tunu Alimwita Nani

Khatibu alikuwa mtu wa Pangani, na watu wa pwani tunawajua: ukishawasemesha Kiswahili, kwao lugha nyingine zote ni kelele tu. Aliuza vitenge Kasulu, akaoa Kasulu, lakini Kiha hakujifunza ng'o. Ya nini, wakati wateja wenyewe walimjia na Kiswahili chao?

Kisha akaenda kufungua duka Kibondo, akamwacha mkewe Zena, mjamzito, kwao hukohuko Kasulu, kwa mama yake, Bi Adija, mpaka apate nyumba ya maana. Nyumba ikachelewa. Mtoto wao Tunu akazaliwa, akatambaa, akasimama, na baba anakuja mara mojamoja na vizawadi kama mgeni.

Saba Saba ya mwaka sabini na tano iliangukia Jumatatu. Khatibu akafunga duka, akapanda lori Ijumaa, akafika na habari: nyumba imepatikana, anawachukua. Hofu yake ilikuwa moja tu, kama mtoto atamkubali. Akamwambia Zena kwamba sikukuu hii Tunu ni wake, kutwa nzima, huko huko nje.

Basi Jumamosi wakashuka kijitoni. Mtu mzima na suruali yake ya terilini kaikunja magotini, anajenga bwawa la matope! Tunu alicheka mpaka akakaa majini. Kisha akanyoosha mikono abebwe, akaita kwa ulimi wake mzito, "Dati! Dati!"

Khatibu akajua ni Dadi anayeitwa. Dadi alikuwa kijana wa duka la jirani, muuza mafuta ya taa, ambaye kila siku alimpa Tunu karanga.

Jumapili walifukuza panzi kwenye shamba la maharage lililokwisha kuvunwa. Tunu akijikwaa, Dati. Akipata panzi, Dati. Kila mara Khatibu alimjibu taratibu, "Dadi hayupo. Mimi baba. Sema baba." Mtoto alimtazama, akarudia lile lile.

Iliuma, tena iliuma sana. Khatibu hakumlaumu Dadi. Alikaa juu ya kichuguu akajiuliza mtoto ni wa nani hasa, wa aliyemzaa au wa aliyempangusa kamasi alipokuwa na mafua. Jibu aliloliona halikumpendeza. Jioni akamwambia Zena wabaki kwanza, watoto hawang'olewi tu kama mihogo. Zena, ambaye alikwisha kufunga vyombo, alianza kuvifungua kimoja kimoja.

Jumatatu mchana, ngoma za sikukuu zikirindima uwanjani, lori la Kibondo likasimama barabarani. Khatibu akamtua Tunu. Mtoto akang'ang'ania suruali yake, akaangua kilio. Dadi akatoka dukani na karanga zake, akampungia aje. Tunu hata hakugeuka.

"Dadi wako si huyo hapo?" Khatibu akamwambia. "Nenda basi."

Bi Adija alikuwa kasimama kando. Siku zote alipozungumza na mkwewe alitazama pembeni, kwa heshima. Safari hii alimkazia macho.

"Dadi? Nani kamwita Dadi? Anasema data, mwanangu. Kwetu mtoto hamwiti hivyo ila baba yake mwenyewe."

Khatibu akakumbuka yote. Tangu kijitoni mtoto anamwita baba, na yeye anamjibu kwamba hayupo.

Dereva akapiga honi. Khatibu akachuchumaa palepale vumbini, suruali ya terilini na yote, akamfuta Tunu machozi kwa kiganja, akamwomba aseme tena. Na Tunu, kwikwi hazijamwisha, akasema.

"Yupo," Khatibu akajibu. "Yupo hapa."

Akamwambia dereva aende zake, wao watatu watapanda la kesho, na Zena akakimbilia ndani kufunga vyombo upya.