Mkwe Juu ya Chemchemi

Maji ya utotoni mwangu yalikuwa na harufu ya majani. Mpaka leo nikifungua bomba hapa mjini huinama kidogo, nikiitafuta harufu ile, na wanangu hunicheka. Wacheke tu. Wao hawakuyanywa.

Tulikaa upande wa Migato, enzi hizo bado tukihesabiwa wilaya ya Bariadi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ilijaa gulioni, pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi wenye malori yao, na maji, yaliyokuwa bure tangu bomba lijengwe, yakawekewa bei. Kila ndoo ulitoa sarafu. Kamati ya maji ikatangaza kwamba sehemu ya fedha hiyo itatunza ngitili iliyo juu ya chemchemi inayolisha bomba. Ngitili ni malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wayakute kiangazi. Ile ya mlimani sasa ilifungwa moja kwa moja, miti ikue, chemchemi isije ikakauka. Mlinzi aliyelipwa kwa fedha za ndoo alikuwa baba yangu.

Bibi, mama yake mama, alilipa huku akisonya. Lakini akishalipa alijiona mwenye mali. Kila asubuhi, kabla sijajitwisha ndoo, alichota kikombe kimoja, akanywa macho ameyafumba, kisha akautazama mlima uliokuwa bado umejifunika ukungu.

"Majani yangu hayajambo," alisema.

Nami niliamini kwamba kila ndoo yetu ilikuwa inaotesha mti kule juu. Niliota mara nyingi nikitembea katikati ya miti ile, maji yakitiririka kwenye magome bila sauti.

Kisha mvua zikakata. Zizi la bibi likabaki na ng'ombe mmoja mwekundu, uzao wa mwisho wa mahari ya mama yangu, ambaye tulikuwa tumeshamzika. Bibi alimsemesha ng'ombe yule kama mtu. Mbavu zilipoanza kuonekana, akamfunga kamba, akaniita, tukapanda mlima alfajiri.

Sijui kama nilikuwa macho sawasawa. Nakumbuka nyasi zinafika kiunoni, zimesimama kavu na nzima, hazijaguswa na mdomo wowote. Nakumbuka umande kwenye magoti yangu. Kengele ya ng'ombe ililia, na mbele yetu, pale njia inapopita katikati ya mawe mawili makubwa, baba akaketi chini katikati ya njia. Alitugeuzia mgongo.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana, mmoja huchepuka. Hapakuwa na pa kuchepukia, na bibi hangeweza kumruka mkwe wake. Akageuka naye akatazama bondeni. Nikabaki katikati, mimi na ng'ombe.

"Mwambie mayu, mwangaluka," alisema baba, akimwita mama na kumpa salamu yetu ya asubuhi.

"Mwambie na yeye mwangaluka. Halafu mwambie anipishe. Nyasi hizi nimezinunua mimi, ndoo kwa ndoo."

Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia.

"Mwambie huyo ng'ombe namfahamu. Bibi yake nilimswaga mwenyewe siku ya mahari, kutoka kwetu mpaka kwao. Lakini akiingia huyu, kesho nitamzuia nani?"

"Mwambie atakufa."

Ng'ombe alinyoosha shingo, akang'oa fungu la nyasi karibu kabisa na bega la baba, akatafuna. Baba hakutikisika.

"Mwambie najua," alisema.

Bibi akavuta kamba, tukateremka.

Ng'ombe alikufa kabla mvua hazijarudi. Nilimchukia baba, nasema wazi, nikawa namwekea chakula bila kumtazama. Bibi hakulia mbele yangu, ila aliacha kunywa kile kikombe cha asubuhi. Alilipa, akanitwisha ndoo, tukaondoka. Kiangazi kile wanawake wa vijiji vya jirani walichimba mchanga wa mto wakakuta mchanga tu, wakaja kupanga foleni kwetu. Bomba letu lilitoa uzi mwembamba wa maji, lakini lilitoa.

Asubuhi moja mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, alipokea ndoo yake ikiwa imejaa, akaanza kucheka peke yake. Bibi alimtazama mpaka akatokomea njiani. Kisha akachukua kikombe, akachota, akafumba macho, akanywa polepole mpaka mwisho.

"Nenda kamwambie baba yako," alisema, "maji ni matamu."

Nilimkuta baba anakula kiporo. Nilipompa ujumbe, tonge lilibaki mkononi.

"Amesema matamu?"

"Matamu."

Alinawa. Akakaa kitambo akiwa amenipa mgongo, kama siku ile kwenye mawe. Kisha akachukua fimbo, akapanda mlima kwenda kulinda nyasi za mama mkwe wake.