Dobi wa Milango Miwili

Huyu ndiye Mama Pasi, dobi. Binti wa mchimba visima aliyepata maji matamu pale ambapo wenzake walikunja kamba wakarudi nyumbani. Mjukuu wa mkunga aliyepokea nusu ya mtaa huu kwa mikono yake. Mtoto wa kulelewa na shangazi, aliyemfundisha kwamba nguo ya mtu ni siri ya mtu. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye cheti, lakini ukimwita kwa jina hilo hageuki.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama barabara, wa pili ulitokea uchochoroni kwenye kamba za kuanikia. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyovikwa blanketi lenye alama za kuungua, pasi mbili za mkaa za kupokezana, beseni la wanga, na ukutani rafu za nguo zilizokunjwa zikakunjika. Kila mteja alikuwa na uzi wa rangi yake, umepitishwa ndani ya ukosi. Na nguo ilitolewa kwa mwenyewe au kwa aliyetumwa na mwenyewe, basi. Mke wa mwalimu mkuu aliwahi kuja kuchukua suruali za mumewe bila kutumwa. Alirudi mikono mitupu na kinywa kimejaa. Mwalimu alikuja kushukuru, na kwa nini alishukuru hatukuambiwa mpaka leo.

Milango hiyo ndiyo iliyomletea kazi ambayo hakuiomba.

Muuguzi mmoja wa zahanati na mumewe seremala waliachana. Mahakamani hakimu alisikiliza kwa makini, akahesabu hata jasho la mama la kupika na kulea, wala hakusema kwamba nyumba ni ya aliyeshika nyundo peke yake. Mama akabaki na nyumba, baba na karakana. Binti yao, waliyemwita Kidoti, akae na mama. Baba atoe matunzo, na kila Jumamosi akae na mwanawe. Kila kitu kikapata mwenyewe, hata ngazi. Mtoto ndiye asiyegawanyika.

Kila Jumamosi walipokutana getini walirushiana maneno hadi majirani wakatoa vigoda. Hakimu alipopata habari akawaonya: vurugu zikiendelea mpaka kesi itakapotajwa tena, baba atamwona mtoto katika ofisi ya ustawi wa jamii tu, kwenye benchi, mbele ya ofisa. Na Kidoti alikuwa mtoto wa kulala juu ya maranda ya baba yake, akiamka na nywele zimejaa vumbi la mbao. Benchi la ofisini angelifanyia nini?

Dada wa ustawi wa jamii aliyefuatilia kesi hiyo alikuwa mteja wa Mama Pasi. Siku moja, akisubiri sketi yake, akaitazama ile milango, akaomba mtoto awe anakabidhiwa hapo. Mama Pasi akacheka, akamwambia yeye hufua nguo, hafui ndoa. Lakini alikubali. Ikawa mama anamleta mtoto kwa mlango wa barabarani na kwenda zake. Ndipo baba anamchukua kwa mlango wa uchochoroni. Jioni, vivyo hivyo kinyume chake. Na lolote litakalotokea humo, dobi atalisema kwa dada wa ustawi.

Milango ilifunga midomo. Haikufunga ujanja. Seremala alimnunulia mtoto nguo mpya, ikavaliwa kwake mchana kutwa, jioni akamvua na kumrudishia kuukuu, akisema ikienda kule haitarudi. Muuguzi alipogundua, akaanza kumleta mtoto na gauni lenye viraka vingi kuliko yote, watu waone matunzo ya baba mtu. Baba akajibu kwa viatu. Mtoto akawa wa kuvuliwa na kuvishwa kama sanamu ya dirisha la duka.

Jioni moja muuguzi aliwahi. Aliingia akamkuta seremala bado yumo, anamfungua Kidoti vifungo vya sweta jipya. Akashika mkono mmoja wa sweta, mwenzake akashika wa pili.

"Nimelinunua mimi," alisema seremala.

"Na baridi ya njiani ameinunua nani?"

Kidoti hakulia. Aliinua mikono yote miwili juu, mwenyewe, ili sweta livulike kwa urahisi, kama mtu anayewasaidia wenye haraka.

Mama Pasi aliweka pasi kwenye kikalio chake. Hakufoka. Alinyoosha mkono, na wote wawili wakaliachia sweta bila kujua kwa nini. Akaketi, akafungua kopo la nyuzi, akamuuliza Kidoti anataka rangi gani. Kidoti akasema njano. Akaupitisha uzi ndani ya ukosi taratibu, wazazi wamesimama wanasubiri kama wateja wengine.

"Kwangu mimi nguo haina aliyeinunua," akasema. "Ina mwenye alama. Mteja wangu ni huyu." Kisha akamgeukia mtoto. "Haya, mteja. Unaondoka nalo au lilale hapa?"

Kidoti alimtazama baba yake, akamtazama mama yake. "Naondoka nalo. Jumamosi nitakuja nalo."

Seremala alikohoa, akasema kifungo cha chini kinalegea. Muuguzi akajibu atakikaza. Tangu waachane, hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya kwanza yasiyo na miiba.

Lakini Mama Pasi hakuwadanganya. Aliwaambia atakapoulizwa atasema, maana hajawahi kusema uongo kwa ajili ya sweta. Waliondoka vichwa chini, kila mtu akijua kwamba Jumamosi za mtoto ziko hatarini.

Jumamosi iliyofuata seremala alikuja na furushi zima la nguo alizokuwa ameficha. Muuguzi naye akaleta zile nzima, zisizo na viraka, zilizokuwa kabatini. Dobi akazitia zote uzi wa njano. Na siku ya kesi, kabla dada wa ustawi hajafungua mdomo, muuguzi alisimama akaeleza mwenyewe ugomvi ule, na sehemu yake ndani yake, akaomba Jumamosi za baba zisiguswe. Seremala alijifuta uso kwa kiganja kilichojaa gundi. Hakimu aliuliza nguo za mtoto zinakaa wapi sasa. Akajibiwa kwamba zinakwenda anakokwenda mtoto. Akaziacha Jumamosi kama zilivyokuwa.

Baada ya hapo walikuja wengi walioachana, na watoto wao: makondakta, wauza samaki, hata askari mmoja na mkewe. Hakuna aliyelipa. Wakimshika mkono kumshukuru, husema shangazi yake alimlea bila risiti, basi wamshukuru huyo. Kidoti leo ni mtu mzima, anapiga simu kwa wazazi wote wawili. Mungu amjalie dobi yule kila la heri.

Mwaka huu magoti yalikataa kusimama. Akamwita muuguzi, aliyekwisha kustaafu, akamwambia kufua atafua mtu mwingine, ila Jumamosi za watoto azishike yeye.

"Mimi, Mama? Mimi niliyefanya vituko humu humu?"

"Wewe. Utaijua hasira ya mwenzio kabla hajavuka kizingiti. Sasa sikiliza, mwanangu. Kesho wanakuja mapacha wa kinyozi. Mama yao huwahi, baba yao huchelewa; usimsute. Wasogezee watoto kiti karibu na dirisha, na usiwaulize jambo lolote la nyumbani."