Pole ya Baba

Baba yangu alikuwa na sauti iliyomponza maisha yake yote. Akiona aibu au akiingiwa na huruma, maneno yalimtoka kwa kuvutwa, yakapanda mwishoni, utadhani anakejeli. Sisi wanawe tulijua. Majirani zetu hapa Handeni walijua. Mgeni angejuaje?

Asubuhi moja nilikuwa nimekuja kumsalimia kutoka Masuguru, Korogwe, ninakoshona nguo. Siku iliyotangulia ng'ombe waliingia kwenye mahindi yetu. Baba, kwa hasira, akarusha jiwe, likamvunja ndama mguu, ikabidi achinjwe. Usiku kucha hakulala kwa majuto.

Mwenye ng'ombe alikuwa Mmasai aliyehamia karibuni. Alikuja peke yake, rungu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa ajili ya ndama wangu."

Baba alitazama chini. "Poleee," alisema, na ile sauti ikapanda.

Mfugaji alisogea hatua moja. "Unanicheka?"

"Nakwambia poleee, bwana."

Rungu lilimpata Baba kwenye taya. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alianguka juu ya jiko la pale uani, sufuria ya uji ikapinduka ikamuunguza mkono. Kabla sijamfikia, kaka yangu alitoka ndani na panga, akamkata yule mtu begani. Damu iliruka hadi kwenye kanga yangu. Mfugaji akampiga kaka rungu la goti, kaka akaenda chini, naye akainua rungu tena, safari hii amelenga kichwa.

Mimi nilikuwa napiga kelele. Hakuna aliyenisikia. Mama alipita katikati yao, akasema, "Basi," kwa sauti ya chini kabisa, kama anayembembeleza mtoto alale. Rungu likabaki juu.

"Alikuwa anaumia," Mama akaendelea vilevile. "Mume wangu akiumia ndivyo anavyosema."

Mfugaji alimtazama Baba aliyekuwa akitema meno. Rungu likamponyoka. Alikaa chini mavumbini, ameshika bega, damu ikimpita kati ya vidole.

Wote wawili tuliwapeleka hospitali Korogwe kwa gari moja. Baba alifungwa taya kwa waya. Mkono wa mfugaji haukuinuka tena kupita bega. Kaka yangu alifungwa jela, na mfugaji naye akafungwa.

Walipotoka, Baba aliniomba nimsindikize kwa yule mtu. Njiani nilimwambia nitasema pole mimi kwa niaba yake. Tulipofika nikaanza kusema, lakini mfugaji alikataa.

"Aseme mwenyewe."

Baba alisema. Taya lilikuwa limepinda, na neno likatoka kwa kuvutwa, baya kuliko mwanzo. Nilikunja ngumi ndani ya kanga, nikingoja pigo.

Mfugaji alimtazama usoni.

"Nimesikia, mzee," alisema.

Hakutukaribisha kukaa. Tulirudi nyumbani kwa miguu.