Herufi Iliyozidi Kwenye Ukurasa wa Safina

Safina binti Rajabu ni jirani yangu pale Ibighi, na nampenda, lakini tusidanganyane: anajiona. Baba yake, fundi cherehani, alimwachia chumba kimoja. Mwaka 2004 akakiwekea kompyuta tatu, akajifundisha kutengeneza kurasa za tovuti kwa kitabu kisicho na jalada.

Chama cha wakulima wa chai kikampa kazi ya kuandikisha wanachama wanaotaka miche mipya. Mwisho Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Atakayechelewa angoje mwakani. Intaneti ilikuwa ghali, hivyo ukurasa alikuwa akiuacha wazi kutwa, anaingiza namba za kadi za uanachama moja moja, jioni anazituma zote kwa mkupuo. Kila namba ilikaguliwa na kanuni fupi inayotazama kama herufi na tarakimu zimekaa sawa. Mwishoni mwa kanuni hiyo Safina alikuwa amebandika alama ya g, yaani "tafuta kila mahali." Eti kwa uhakika zaidi.

Ijumaa asubuhi, wa kwanza akapita. Akafuata Tupokigwe, mjane wa Ikuti. Kompyuta ikasema namba si sahihi.

"Mama, kadi yako haifai," Safina akamwambia, wala hakuitazama mara ya pili.

"Ndaga, mwanangu," mama wa watu akashukuru, akapiga goti, akaenda zake.

Gift aliyemfuata akapita. Kisha Ackson, mbishi wa kuzaliwa, akakataliwa.

"Rudia! Mimi hapa siondoki!"

Safina akarudia namba ile ile. Ikakubali. Kufungua kitabu, akakuta kwamba kanuni yenye g hukumbuka ilipoishia, na namba inayofuata huanza kukaguliwa kuanzia hapo badala ya mwanzo. Ikishakataa, husahau na kuanza upya. Kwa hiyo mmoja anapita, wa pili anakwama, wa tatu anapita. Akaifuta g, akafunga duka, akanivuta mimi na pikipiki yangu hadi Ikuti, maana Tupokigwe alikuwa ameondoka na kadi yake.

Tulimkuta shambani anafukia mashimo aliyoyachimba kwa ajili ya miche. Nusu alishayamaliza. Roho iliniuma.

"Mama, namba yako ni nzuri. Nimekosea mimi. Mbona hukubisha?"

"Ningebishaje, mwanangu? Wewe ndiye uliyesoma."

Safina, mwenye jibu la kila kitu, akaiomba kadi. Akanakili namba, akavua viatu vyake vya mjini, akashika jembe, akaanza kuyafukua mashimo. Nikamwambia saa zinakwenda na namba bado hazijatumwa. Hakunisikia mpaka shimo la tatu.